Mume Wangu Amesema Pandeni

Jumatatu, 3 Februari

Nimetoka shule saa tisa. Darasa la Nne wameshindwa kugawanya, tutarudia kesho. Nimebandika maharage, nimewawekea kuku maji, nimekaa kwenye kigoda kuchambua mbegu. Nzima huku, zilizotobolewa kule.

Ndipo nikamsikia Rashidi.

Hakuwa akiniita. Alikuwa anaeleza nafasi kati ya shimo na shimo. Sauti ilitoka ng'ambo ya ua, kwa Mama Asha. Ileile. Kavu kidogo, ya mtu aliyekula vumbi la pikipiki miaka kumi na minane. Niliinuka, ungo ukaanguka, mbegu zikachanganyika zote.

Rashidi alikufa Julai iliyopita. Nilimwona akivikwa sanda.

Nikazunguka ua. Mama Asha alikuwa na simu yake ya kitochi mapajani, spika wazi. Aliponiona akakizima haraka kama mtu aliyeshikwa akiwa na kuku wa jirani. Akasema, "Mwalimu, nilidhani unajua. Leo ndiyo wamefungua ile namba."

Nilikuwa najua. Nilikuwa nimesahau pia. Vyote viwili.

Maharage yameungua.


Jumanne, 4 Februari

Niandike kwa mpangilio, labda akili itatulia.

Rashidi alikuwa bwana shamba wa kata hii ya Misima. Peke yake, na pikipiki moja. Mwaka juzi walikuja watu wa mradi wenye ofisi Korogwe wakamwomba sauti. Miezi minne, kila Jumamosi, alikaa kwenye chumba chenye magodoro ukutani akisoma sentensi mpaka koo likauke. Mashine ingejifunza kusema kama yeye. Mkulima angepiga simu, akauliza jambo lake, akajibiwa na mtu anayemfahamu, kwa Kiswahili cha huku kwetu chenye Kizigua ndani yake.

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema watoto wanazaliwa kila siku ila mabwana shamba hawazaliwi. Alisema mtoto wa leo atataka ugali mpaka azeeke, na shamba la babu yake ni lilelile, limegawanywa mara tano. Nani atamfundisha baba yake kuvuna gunia kumi pale alipozoea matatu? Pikipiki yangu haifiki Misima na Sindeni siku moja, alisema. Sauti inafika.

Akatia saini. Kisha lori likamgonga, barabara ya Korogwe, saa nne asubuhi.

Wakati ule sikuulizwa. Na sasa sikuulizwa.


Ijumaa, 7 Februari

Yuko kila mahali.

Kwenye mashine ya kusaga, wanawake watatu wamemzunguka. Dukani kwa mwuza mbegu. Mwendesha bodaboda amenipita akiwa naye mfukoni, anaeleza mbolea ya kupandia, sauti ikapungua hadi kwenye kona, ikaisha.

Shuleni watoto wa Darasa la Pili wamebuni mchezo. Mmoja anajificha nyuma ya choo, wengine wanamwuliza maswali, naye anajibu kwa sauti nzito. Waliponiona walitawanyika.

Mtu akifa, sauti ndiyo huanza kupotea. Mimi yake ilinipotea Desemba. Nililia, kisha nikazoea. Sasa imerudishwa, na haikurudishwa kwangu.


Jumapili, 9 Februari

Binti yangu Tatu amepiga kutoka chuoni Lushoto. Huyu si mtu wa kulia. Jana basi lao lilisimama Mombo, abiria wakashuka kununua chakula, yeye akabaki kwenye kiti. Dirishani akamsikia baba yake anaeleza ukungu wa nyanya. Alishuka. Alimtafuta katikati ya watu. Anasema kwa dakika nzima hakukumbuka kwamba amekufa.

Ilikuwa simu ya mwuza nyanya, juu ya tenga.

Nilimwuliza kama amekula.


Jumatano, 12 Februari

Mama mkwe amejua.

Naishi naye, mama yake Rashidi. Macho yake siku hizi yanaona mwanga tu. Nilidhani nitaweza kumficha. Leo nimemkuta kizingitini na simu yake sikioni. Mama Asha alimwekea namba kwenye kitufe cha mbili.

Mashine ikisikia sauti ya mzee humwamkia. Nimesikia kwa masikio yangu: "Shikamoo, mama." Naye: "Marahaba, mwanangu." Kisha mama mkwe akauliza kuhusu mihogo, kama vile Rashidi alitoka tu jana kwenda kazini.

Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Julai.

Nilinyoosha mkono kuichukua simu. Nikaurudisha.


Jumamosi, 15 Februari

Nimepiga.

Nilikwenda nyuma ya banda la mbuzi kama mwizi. "Karibu. Unalima zao gani?" Nikakata. Nikapiga tena. Kabla ya kusema huvuta pumzi. Nani amewaambia mashine inahitaji pumzi?

Nikasema, "Unanijua?"

"Samahani, sijakuelewa vizuri. Rudia taratibu."

Hiyo ni sauti yake ya wakulima. Ya nyumbani ilikuwa nyingine, ya chini, haikufika mwisho wa sentensi. Nikaona aibu, nikauliza swali la kweli. Shamba la bondeni, udongo mweusi, mahindi yanakuwa ya njano.

Akajibu: "Udongo wa namna hiyo hushika maji. Mke wangu analo shamba kama hilo. Mwaka mmoja alipanda mapema mno, mizizi ikaoza, akaninunia wiki nzima."

Simu ilianguka kwenye samadi.

Ni kweli. Mwaka wa kwanza wa ndoa. Hatukumwambia mtu. Tulikuwa wawili tu.


Jumatatu, 24 Februari

Niwe mkweli kwenye daftari langu mwenyewe. Anasaidia watu.

Leo amekuja Mama Naserian, Mmasai wa upande wa tambarare. Tangu ukame ule uwaue ng'ombe wao analima ekari mbili. Dumuzi, wale wadudu wa nafaka, walikuwa wanamsagia mahindi ghalani. Alipiga, akaambiwa aanike tena, apepete, afunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Dumuzi wamekufa. Ameniletea maziwa kwenye kibuyu kunishukuru.

Hakukaa. Aliniambia akiwa amesimama, "Mwalimu, kwetu aliyekwenda hatumtaji jina. Ninyi wenu mnampigia simu."

"Nawe ulipiga," nikamwambia.

"Nilipiga. Sikumsalimia."


Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani, siku ya pili. Joto kali, mbingu nyeupe.

Wakati wa futari mama mkwe aliweka simu yake juu ya mkeka, mahali alipokuwa akikaa Rashidi. Akasogeza bakuli la uji karibu nayo. Akabonyeza. Akasema, "Karibu futari, mwanangu."

"Samahani, sijakuelewa vizuri. Unalima zao gani?"

Mama mkwe akatikisa kichwa kwa huruma. "Kazi zimemzidi," akaniambia.




Jumatatu, 10 Machi

Mvua imenyesha. Moja, kubwa, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Watu walitoka nje wakasimama ndani yake.

Saa kumi jioni simu zililia. Si simu yangu tu. Simu zote. Kitongoji kizima kwa wakati mmoja. Watu wakapokea, na sauti ya mume wangu ikatoka kila nyumba. Hazikuwa pamoja sawasawa, moja ilitangulia, nyingine ikafuata, kama watu wengi wanaosoma dua moja bila imamu.

"Ndugu mkulima. Masika imeanza. Panda sasa. Usichelewe. Panda sasa."

Mbwa wetu, yule aliyekuwa akifuatana naye shambani kufukuza ngedere, alisimama masikio juu. Akakimbia kwa Mama Asha. Akatoka, akakimbia nyumba ya pili. Ya tatu. Alizunguka kila uwanja mpaka sauti ikanyamaza. Amerudi amelowa tope, amelala chini ya kitanda changu. Anatetemeka mpaka sasa.


Jumanne, 11 Machi

Rashidi asingesema vile.

Naweza kukosea mengi, hilo sikosei. Kila mwaka alirudia jambo moja mpaka likaniudhi. Handeni mvua ya kwanza ni mgeni aliyepita kuuliza njia. Usipande. Chimba. Ingiza mkono. Unyevu ukifika kiwiko, ndipo upande. Alikataa kubadilisha hata alipokuja mkubwa wake kutoka wilayani.

Nimechimba sehemu tatu. Unyevu unaishia kwenye vidole. Chini ni unga.

Nilimwambia Mama Asha. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Sekibaha, nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Mwalimu, unabishana na mumeo?"

"Yule si mume wangu, mzee. Ni mashine."

"Wanasema ile mashine inaangalia mawingu kutoka juu. Basi mumeo sasa anaona mbali kuliko wewe."

Hakuwa akinitania. Hilo ndilo lililonitia baridi.


Jumatano, 12 Machi

Mama mkwe ameniamuru nipande. Nimekataa. Miaka ishirini na mbili ya ndoa sijawahi kumkatalia kitu.

Alisema, "Mwanangu amesema pandeni."

Nikasema mwanao amekufa. Nilisema hivyo. Kwenye mwezi mtukufu, kwa mwanamke asiyeona.

Hajala daku wala futari niliyopika.


Ijumaa, 14 Machi

Wote wamepanda. Mbegu zote, hata za akiba, kwa sababu aliwaambia wasichelewe. Shamba langu pekee liko wazi. Liko kando ya njia ya msikitini. Wanaume wakipita wanapunguza mwendo, wanaangalia, hawasemi.

Niliitwa na mwalimu mkuu. Kwa upole. Aliniuliza kama napata usingizi.


Alhamisi, 20 Machi

Mahindi yao yameota. Mistari imenyooka, kijani kibichi, yanang'aa. Sijaona uoto mzuri hivi miaka mingi. Watu wananisalimia kwa sauti ya kumsalimia mgonjwa.

Nimechukua jembe na mbegu leo asubuhi. Nimefika hadi mwanzo wa shamba. Nimechimba kwa mara ya mwisho ili nijiridhishe.

Nikarudi na mbegu zangu.

Sina raha hata kidogo. Nikiwa sahihi, watu watakufa njaa. Nikikosea, nitakufa mimi na mama mkwe. Naomba nikosee.


Jumatano, 26 Machi

Hakuna mvua tangu siku ile. Jua linawaka kuanzia saa moja. Upepo mkavu kutoka tambarare.

Majani yamejikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi. Kwenye shamba la Mama Asha mchwa wanakata mashina chini kabisa. Ukikaa kimya unawasikia.

Nilipita pale saa saba mchana. Mama Asha amechuchumaa katikati ya shamba na simu. Nikamsikia mume wangu, mchangamfu, akimwambia, "Hongera kwa kupanda kwa wakati. Mahindi yako sasa yako tayari kwa palizi ya kwanza."

Mama Asha akabonyeza tena. "Hongera kwa kupanda kwa wakati."

Akabonyeza tena.

Sikuwa na nguvu ya kwenda kumnyang'anya.


Jumatatu, 31 Machi

Idi.

Watoto wamevaa nguo mpya, lakini hawakupita nyumba kwa nyumba. Hapa kwangu hakuja hata mmoja. Pilau ya mwaka huu tumekula mimi na mama mkwe, bila maneno. Bado hanisemeshi tangu siku ile.

Saa tano nilimshika mkono tukaenda makaburini kumwombea Rashidi.

Juu ya kaburi kulikuwa na miche ya mahindi. Mikavu. Imefungwa fungu kwa kamba ya mgomba, mizizi na udongo wake. Fungu moja kichwani. Nikaona jingine. Halafu mengine, yamepangwa vizuri pembeni mpaka miguuni. Kila nyumba ilikuwa imeleta ya kwake. Hapakuwa na nyayo zinazokimbia. Walikuja polepole, mmoja mmoja, wakaweka, wakaondoka.

Upepo ulikuwa unayatikisa. Yalitoa sauti kama mtu anayekunja karatasi.

Mama mkwe akapiga hatua moja mbele, akasimama. "Nimekanyaga nini?"

"Nyasi, mama."

Nimesema uongo siku ya Idi, mbele ya kaburi la mume wangu. Akasoma Fatiha juu ya nyasi hizo. Nikaitikia amina.


Jumatano, 2 Aprili

Nimeomba ruhusa shuleni. Nimekwenda Korogwe.

Ofisi ya mradi iko ghorofani. Kompyuta, feni, vijana wawili wenye vipokea sauti. Msimamizi ni mwanamke, anaitwa Neema, wa umri kama wa Tatu, labda amemzidi kidogo. Akanipa shikamoo. Akanipa kiti. Nilikuja na maneno makali lakini yeye alikuwa ameshalia kabla sijafika, nilimwona macho.

Alinieleza bila kujitetea. Utabiri ulitoka kwenye picha za mawingu, wa wilaya nzima. Mashine ilipewa amri ya kutangaza, ikatangaza. Nikamwuliza kuhusu kuchimba mpaka kiwiko. Akainamisha kichwa. Rashidi aliisema, tena mara nyingi. Waliitoa. Wataalamu walisema kiwiko si kipimo, mikono ya watu haifanani.

Nikauliza ile ya mizizi kuoza. Ya mimi kununa. Mashine ilijuaje?

"Aliisema mwenyewe, mama. Akiwa anapumzika alipenda kutupa mifano. Tulirekodi yote."

Basi. Si jini. Ni mume wangu aliyekuwa akiwasimulia watu habari zangu wakati wa chai. Nilihisi nafuu, kisha hasira, kisha kitu kisicho na jina.

Akaniuliza kama ningependa kumsikia. Yeye, si mashine. Nikakubali. Rashidi anakosea neno, anacheka, anaomba maji. Anasema, "Mke wangu akinisikia nasoma hivi atasema nimekuwa shehe." Kiti kinalia. Anakohoa. Huyu ndiye. Sasa najua tofauti. Yule wa kwenye simu hakosei neno hata moja.

Halafu Neema akasema jambo la kunisaidia, kwa nia njema kabisa. Akasema watu wa Misima wamekasirika, na wanamwamini marehemu kuliko ofisi. "Tunaweza kumfanya aombe radhi. Ni dakika tano tu. Atawapigia wote."

Nilimwangalia. Nilimwona amekwishaandika maneno.

Nikamwambia hapana. Mume wangu hataomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya. Na hatasema tena neno ambalo hakulisema. Kama kuna radhi, njoo uiombe wewe, kwa mdomo wako, umesimama.

Kisha akatoa fomu. Mimi kama msimamizi wa mirathi naweza kuiondoa sauti. Namba itabaki, majibu yatabaki, sauti itakuwa ya mtu mwingine. "Lakini mama, wazee hawatapiga. Walikuwa wanampigia yeye."

Najua. Mmoja anaishi nyumbani kwangu.

Fomu sikuijaza. Iko hapa kwenye daftari.


Ijumaa, 4 Aprili

Nimemwambia mama mkwe kila kitu. Kiwiko, mashine, fomu, hata mafungu ya makaburini. Nilitegemea apige kelele.

Alikuwa anamenya mihogo kwa kupapasa. Akasema, "Nilijua si nyasi. Nyasi haina udongo wa shamba."

Nikakaa chini.

"Wewe unadhani nimechanganyikiwa," akasema. "Macho ndiyo yaliyokufa. Mwanangu nilimzika, najua alipo."

"Mbona unazungumza naye, mama?"

"Kwa sababu anajibu. Wewe tangu Julai ukinijibu, umenigeuzia mgongo. Sikuoni, lakini sauti ya mgongo naijua."

Ni kweli. Nimempikia, nimemfulia, nimempeleka zahanati. Kuzungumza naye sijazungumza. Ana pua ya Rashidi.

Akamenya muhogo mwingine. Akasema juzi alimwuliza kama huko aliko ana kiu. Akaambiwa amwagilie asubuhi na jioni.

"Mwanangu angecheka," akasema. "Yule hachekagi. Aliyekufa hatumwi kazi. Mfungie hiyo sauti."

Nilimgeukia, nikamjibu uso kwa uso. Nikasema, "Ndiyo, mama."


Jumatatu, 7 Aprili

Nimejaza fomu, nimeituma kwa basi la asubuhi. Itachukua wiki kadhaa, Neema amesema kwa simu. Mpaka hapo sauti haitatangaza chochote.

Mchana Neema mwenyewe amekuja. Alisimama mbele ya ofisi ya kijiji, viatu vyake vya mjini kwenye vumbi. Akasema ni kosa la ofisi, si la marehemu. Walimpigia kelele. Mzee mmoja alimtupia tawi la miiba. Hakukimbia. Alikuwa amebeba mbegu za muda mfupi kwenye gari, si nyingi, akazigawa mpaka zikaisha. Mtu wa mwisho alipata konzi moja.

Mzee Sekibaha alikuja kwangu baadaye. Hakuingia ndani. Alisema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyewahimiza." Akasimama pale muda mrefu. Nikamletea maji.


Alhamisi, 10 Aprili

Imenyesha siku tatu mfululizo. Ya polepole, ya kuingia ardhini.

Asubuhi nimechimba. Kiwiko. Nikachimba upande wa pili. Kiwiko.

Niliinua kichwa nikaona watu wamesimama kwenye mpaka wa shamba langu. Mama Asha, Mzee Sekibaha, wengine. Hawakuuliza. Walikuwa wanauangalia mkono wangu ulivyopakaa udongo.

Nikawaambia tupande.

Nilikuwa na mbegu zaidi ya mahitaji yangu. Nilizigawa kwa kikombe. Hazikutosha, nani angetosheleza kitongoji? Waliokosa wamekwenda kutafuta mtama na kunde. Mama Naserian naye alikosa mahindi, akarudi na mtama begani, ananung'unika kwa Kimaa. Mwaka huu hakutakuwa na gunia kumi. Huenda hata matatu yasifike. Kuna nyumba zitakula mlo mmoja mpaka Agosti, na mojawapo ina watoto saba.

Nilipita makaburini wakati wa kurudi. Mafungu hayapo. Pamefagiwa. Sijui ni nani.


Jumamosi, 3 Mei

Leo saa sita mchana ndiyo walisema wataizima sauti.

Tangu asubuhi nilikuwa nawaza kama nipige, mara moja, ya mwisho. Ningeuliza nini? Niliosha vyombo mara mbili.

Saa nne mama mkwe akataka apelekwe shambani. Hajafika huko tangu macho yalipoanza kufifia. Tulikwenda polepole, simu zimebaki nyumbani, sijui kama yeye aliiacha kwa makusudi.

Mahindi yamefika magotini. Nilimweka mwanzo wa mstari. Akainama, akashika jani la kwanza kati ya vidole, akalifuata mpaka ncha. Akahamia mche wa pili. Akaenda hivyo mstari mzima, mche kwa mche, mimi nyuma yake nimemshika khanga asijikwae. Kulikuwa na ndege wengi. Mawingu yalipita, jua likatoka, yakapita tena.

Mwisho wa mstari alinyooka, akashika kiuno.

"Hapa nani kapanda?"

"Mimi, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akapapasa mche wa mwisho tena. "Umenyoosha," akasema.

Tukageuka kwenye mstari wa pili.

Tulipofika nyumbani ilikuwa saa saba na nusu. Nikachemsha viazi. Tumekula na chumvi tu. Sasa yeye amelala kwenye mkeka barazani, na mimi naandika. Nje mbwa anajikuna. Kwa Mama Asha kuna mtu anatwanga.